Mchoro wa Bakst si nguo, jamani

Umeletwa tena: mchoro wa vazi la bale wa Léon Bakst, mbunifu wa kundi la Ballets Russes, kwenye simu, na ombi lile lile. "Nataka hii, hariri tupu, kama walivyovaa Paris 1910." Walivyovaa nani? Mwanamke wa kwenye ule mchoro hana mifupa. Kiuno kimejinyonga, mikono imepanda juu ya kichwa, na kwapani hakuna hata mkunjo mmoja. Ile ni rangi juu ya karatasi. Nguo iliyopanda jukwaani ilipita mikononi mwa mafundi, kwa mfano karakana ya Marie Muelle pale Paris, na wao ndio walioamua yale ambayo mchoro hausemi: mshono upite wapi, vikulabu vikae mgongoni au ubavuni, jasho liishie wapi.

Kwanza tumalizane na hariri. Ballets Russes, kundi la bale la Sergei Diaghilev lililofanya kazi kuanzia 1909 hadi 1929, lilitumia hariri, sikatai. Lilitumia pia pamba, melimeli, felti (kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, si ya kufumwa), mahameli, kadibodi na rangi nyingi sana ya kupaka. Mavazi ya waombolezaji aliyobuni Henri Matisse mwaka 1920 kwa ajili ya bale ya Le Chant du rossignol ni felti nyeupe iliyoshonewa vipande vya mahameli ya buluu iliyokolea. Felti ni uamuzi wa fundi mwenye akili: haichambuki nyuzi ukingoni na inasimama yenyewe, hivyo umbo la mwili linapotea kabisa ndani yake. Ishone ile ile kwa satini uone itakavyoning'inia kama pazia la bafuni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni bale ya The Rite of Spring, iliyofunguliwa Théâtre des Champs-Élysées tarehe 29 Mei 1913. Mavazi yalibuniwa na Nicholas Roerich. Magauni ya wasichana ni flaneli ya sufu, mkato wake wa mraba mraba, na ile mistari, miduara na miraba inayowafanya watu waseme "darizi nzuri" si darizi hata kidogo. Ni stensili, yaani kiolezo chenye matundu ya nakshi, na brashi ya rangi. Wachezaji walilalamikia joto, na walikuwa na haki yao. Lakini sufu ina kazi pale. Nijinsky, mchezaji wa kundi hilo aliyetunga hatua za bale hii, aliwataka wacheze miguu ikitazama ndani, wakikanyaga chini kwa kishindo. Gauni zito hutua pamoja na mguu, wakati hariri ingebaki hewani ikipepea, na kishindo kingeonekana cha uongo.

Ukitaka kufanya kazi ya namna hiyo, fuata mpangilio. Loweka flaneli na uikaushe kabla ya kukata, la sivyo itarudi, yaani itasinyaa, baadaye ikiwa imeshakuwa nguo. Kata vipande, chora mstari wa mshono, kisha piga stensili ukiwa bado hujashona, vipande vikiwa vimelala mezani. Nakshi ivuke mstari wa mshono kwa nusu sentimita kila upande. Ukiishia juu ya mstari wenyewe, ufa wa kitambaa kitupu utaonekana mshono ukivutwa. Brashi iwe karibu kavu na igonge wima, maana sufu hunywa rangi na ukifuta huku na huku itapenya chini ya stensili. Tabaka mbili nyembamba. Tabaka moja nene ndiyo inayopasuka kwenye kiwiko na goti, halafu inamwaga vumbi jukwaani. Rangi ya dhahabu ya unga wa shaba utaifurahia mwanzoni. Jasho likiigusa inageuka kahawia, au kijani.

Sasa kwapa, ambalo ndilo linalonichosha. Kila anayenakili mchoro huona mikono imeinuliwa, akaona dawa ni kupanua shimo la mkono. Kinyume chake! Shimo likishuka chini, ubavu wa nguo kati ya kiuno na kwapa unakuwa mfupi, na mkono ukipanda unabeba kila kitu: kiuno kinahama, pindo linapanda upande mmoja, shingo inafunguka. Shimo la mkono la mchezaji wa bale linatakiwa dogo, tena la juu, karibu na kiungo cha bega, halafu unatia kikwapa. Ndiyo, kikwapa kile kile cha kanzu. Kata kipande cha umbo la almasi, kila upande sm 10 hadi 12 kwa mtu mzima, kwa mshazari ili kivutike. Kama kitambaa ni kinene, kikwapa kiwe cha kitambaa chembamba cha rangi hiyo hiyo. Kinapochanikia ni kwenye ncha, pale ulipopasua gauni kwa mkasi ili kukitia. Kwa hiyo shonea kiraka kidogo cha bitana upande wa ndani kabla ya kupasua, si baada ya kuchanika. Kishone kwa mkono au mshono mpana unaofumuka upesi, kwa sababu hiki ndicho kitakachooza kwa jasho na utakibadilisha mara nyingi bila kugusa gauni.

Na msidanganyike na nguo za kubana. Nyuzi za lycra, zile zinazovutika na kurudi, zilivumbuliwa 1958. Kwenye bale ya Le Spectre de la rose ya 1911, Nijinsky alivaa hariri ya kufumwa iliyoshonewa petali, na alishonewa mwilini kabla ya kutoka, kwa kuwa hapakuwa na kitambaa cha kujibana chenyewe. Taitsi za zamani zile huvimba magotini. Wachezaji walikunja sarafu kwenye ukingo wa juu wa taitsi, wakaizungushia utepe na kuvuta hadi mkunjo uishe. Ukitumia lycra leo sina ugomvi, ila usiniambie ni "halisi".

Nikija kwenye hilo neno halisi, vitabu vya picha vinapita haraka mno. Bakst alirudia kuchora michoro yake iliyopendwa ili kuwauzia watu, kwa hiyo mchoro mzuri unaouabudu unaweza kuwa umechorwa baada ya onyesho. Nguo nazo zilivaliwa miaka na miaka, zikapunguzwa, zikaongezwa, nyingine zikashonwa upya. Ndani ya nguo moja unaweza kukuta majina ya wachezaji kadhaa yameandikwa kwa wino. Nguo ikiandikwa 1910 kwenye kabati la kioo, mimi huuliza: mgongo wake pia, au kifua tu? Rangi ndiyo usiseme. Fumua pindo kidogo utazame mahali ambapo mwanga haukufika. Mara nyingi ni kali kuliko tulivyozoea kuona, kiasi kwamba wengi wangesema imekosewa.

Anayetaka anasa ya kweli ipo: bale ya The Sleeping Princess, ukumbi wa Alhambra wa London, Novemba 1921, Bakst akiwa na satini na zari kadiri alivyotaka. Haikurudisha gharama, ikafungwa mapema 1922, na mwenye ukumbi, Oswald Stoll, akazuia mandhari na mavazi kwa ajili ya deni. Bajeti yako ina ukubwa gani?

La mwisho, kufua. Nguo iliyopigwa stensili haifuliwi kila usiku. Igeuze ndani nje, itundike penye upepo, kisha nyunyiza kwapani vodka ya bei rahisi. Inakauka haraka na kuondoka na harufu. Konyagi haifai, ina harufu yake. Na ujaribu kwanza kwenye tone moja ndani ya pindo, kwani zipo rangi zinazokimbia zikionja kileo tu.