Wafanyakazi hawana nidhamu? Nionyesheni dodoso kwanza

Nimeletewa tena ile grafu. Nchi zimepangwa kwa "bidii na nidhamu ya kazi", nchi maskini zimebanana mkiani, na aliyeituma anauliza tuandae mafunzo gani ya kubadili tabia za wafanyakazi. Maswali yaliulizwaje? Hilo halimshughulishi. Basi naandika mara moja, na atakayenitumia grafu hiyo tena nitamrudishia kiungo cha hapa.

Mepesi kwanza, yaani vile tunavyopima ujuzi wenyewe. Miaka ya shule si ujuzi, ni miaka ya shule. Cheti kinasema mtu alifaulu mtihani fulani siku fulani. Na mtu asiyesoma chochote kazini huenda anajua kusoma vizuri tu, ila kazi yake haimdai. Ndiyo maana STEP, mpango wa Benki ya Dunia wa kupima stadi za watu wazima, ulitenganisha stadi za kiakili, stadi za kijamii na kihisia, na zile ambazo kazi yenyewe inazidai. Jaribio lake la kusoma liliwekwa kwenye mizani ya PIAAC, yaani upimaji wa stadi za watu wazima wa OECD (jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri), pointi 0 hadi 500, ili nchi zilinganishike. Ila STEP ililenga wakazi wa mijini, wa miaka 15 hadi 64. Palipo na wakulima wengi, usiniambie hiyo ndiyo nguvu kazi ya taifa.

Sasa kinachonikera. Jaribio la kusoma au kuhesabu lina jibu sahihi. Nidhamu hatuipimi hivyo. Tunamsomea mtu sentensi, kisha tunamwuliza anakubaliana nayo kiasi gani. Na watu wengi, hasa waliosoma kidogo, wakisomewa sentensi na mgeni mwenye tableti mkononi, hukubali. Hukubali kwa adabu, kwa uchovu, kwa kutotaka kuonekana hawakuelewa, au kwa sababu sentensi yenyewe haina kichwa wala miguu.

Chukua mizani ya 1 hadi 5. "Mimi ni mchapakazi": anakubali kabisa, 5. Kurasa mbili mbele, "Mimi ni mvivu": anakubali kabisa, 5. Sentensi ya pili ni ya kinyume, kwa hiyo alama yake inageuzwa kuwa 1. Wastani ni 3, na kwenye grafu huyu ni mtu wa nidhamu ya kadiri. Angesomewa sentensi za kusifu peke yake angepata 5, mfanyakazi wa kuigwa. Mtu ni yuleyule na tabia yake ya kujibu ni ileile. Aliyempandisha au kumshusha ni mtunga dodoso. Sasa weka nchi mbili pamoja, moja ina wakubali-yote wengi kuliko nyingine, halafu niambie hizo alama zinalinganisha nini.

"Lakini tulisahihisha!" Najua. Unachukua wastani wa majibu ghafi kwenye jozi za sentensi zinazopingana, unatazama umeipita katikati ya mizani, yaani 3, kwa kiasi gani, kisha unapunguza. Huyu wetu ameipita kwa 2. Tukipunguza anabaki na 3 na 3. Safi kabisa, na bado hatujui kama ni mchapakazi. Sahihisho huondoa upotofu, haliwezi kuleta taarifa ambayo hukuikusanya. Na kama dodoso lako halina jozi hizo, hata sahihisho lenyewe huna.

Sisemi haya kwa kinyongo tu. Mwaka 2019 jarida la Science Advances lilichapisha uchambuzi wa majibu ya watu 94,751 kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, waliohojiwa ana kwa ana. Maswali yaliyotakiwa kupima sifa moja mara nyingi hayakushikamana. Waliojaza wenyewe mtandaoni, katika nchi hizohizo, majibu yao yalikaa vizuri zaidi. Kwa hiyo aliyehitimisha kwamba watu wa huko ndio wenye kasoro akae chini. Na katika utafiti wa wakulima wa magharibi mwa Kenya, watu walewale walipohojiwa tena baada ya wiki chache, stadi za kiakili zilipimika kwa uthabiti. Stadi za kihisia ziliyumba, na, hili liliniuma zaidi, hata ujuzi wa kilimo chenyewe uliyumba.

Kuyumba huku kusikotokana na sifa yenyewe tunakuita kelele, na kuna gharama. Kipimo ambacho nusu ya tofauti zake ni kelele hukuonyesha takriban nusu ya athari halisi. Kisha mtu anaandika kwamba nidhamu "haina uhusiano mkubwa na kipato", na bajeti inahamishwa.

Mimi hupendelea kumpa mtu kazi aifanye: achomelee, ashone, atafute hitilafu kwenye mashine. Ni ghali, na wakadiriaji wawili wakitazama kiungo kimoja cha chuma wanaweza kutoa alama mbili. Fundi aliyezoea mashine yake huonekana mjinga mbele ya yako. Na kwa nidhamu, kazi ya saa moja mbele ya mkaguzi hainionyeshi mtu anavyofanya asipoangaliwa.

Wasiwasi wangu mkubwa ni mwingine. Maswali ya nidhamu hutoka kwenye mfumo unaogawa haiba ya mtu katika sifa tano, nidhamu ikiwa mojawapo. Sifa hizo tano hazikujitokeza katika utafiti wa Watsimane, wakulima na wawindaji wa msitu wa Amazon huko Bolivia, uliochapishwa 2013. Huenda kwa watu wengine haiba imepangika vingine, na tunapanga foleni ya kitu ambacho hakipo kwa umbo hilo. Sina jibu, na bado natumia maswali hayo kwa sababu sijapata bora.

Kwa hiyo grafu haingii kwenye ripoti. Nitumieni data ghafi, kabla alama hazijageuzwa, na namba ya mdadisi aliyemhoji kila mtu, nione kama majibu yanamfuata anayeuliza. Hiyo safu ndiyo hufutwa kwanza mkisafisha data. Msiifute.