Programu Huria za Kuhariri Picha: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Programu isiyolipiwa haiwezi kutoa picha yenye ubora wa ile ya kulipia.

Dhana hii imeenea kuliko nyingine zote, na jibu lake limo katika namna picha yenyewe inavyotengenezwa. Kamera inapohifadhi faili ghafi (RAW), yaani data ya picha kabla haijachakatwa, kila nukta ya picha hubeba kwa kawaida biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga, ilhali faili ya JPEG hubakiwa na ngazi 256 tu kwa kila rangi. Kazi ya programu ni kuzisoma ngazi hizo na kuzigeuza kuwa rangi bila kuzipoteza njiani. Programu huria ya darktable, ya kuhariri faili ghafi, iliyoanza mwaka 2009, hufanya hesabu zake kwa usahihi wa biti 32 kwa kila rangi, na RawTherapee, iliyowekwa chini ya leseni huria mwaka 2010, hufanya vivyo hivyo.

Chukua picha ya mzee aliyeketi kando ya dirisha mchana, nusu ya uso wake ikiwa imemezwa na kivuli. Katika darktable nimezoea kupandisha mwanga wa picha nzima hadi uso usomeke vizuri, nikiliacha dirisha liwe jeupe kupita kiasi, kisha zana ya kubana mwanga huushusha weupe ule taratibu mpaka nyuzi za pazia zionekane tena. Nyuzi hizo hurudi kwa sababu kamera ilizinasa. Kama mpiga picha aliuunguza mwanga wa dirisha tangu wakati wa kupiga, hakuna programu itakayozirudisha, iwe ya kulipia au isiwe.

Ni haki kusema kwamba kuhusu GIMP, programu huria ya kuhariri picha, dhana hii iliwahi kuwa na msingi. Kwa miaka mingi programu hiyo ilihariri kwa biti 8 tu, na anga la samawati lililorekebishwa sana lilianza kuonyesha mistari. Toleo la 2.10 la mwaka 2018 liliondoa kikwazo hicho kwa kuruhusu hadi biti 32, na toleo la 3.0 la mwaka 2025 limewezesha vichujio vingi kubaki vikirekebishika hata baada ya kutumika. Anayeihukumu GIMP leo kwa aliyoyaona miaka kumi na mitano iliyopita anahukumu programu nyingine kabisa.

Dhana: Huria maana yake ni bure.

Lugha yetu ina maneno mawili, na ni vyema tuyatumie yote mawili. Kuna programu nyingi zinazotolewa bure ambazo si huria: mwenye programu anaweza kuanza kudai malipo kesho, au kuifunga, na mtumiaji asiwe na la kufanya. Programu iliyo chini ya GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, humpa kila mtu ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo wake, kuurekebisha na kuugawa. Leseni hiyo inahusu programu, haigusi picha ulizozihariri; picha ya harusi iliyosafishwa kwa programu huria unaweza kumuuzia mteja bila kumwomba mtu ruhusa.

Dhana: Ni kazi za wanafunzi, hazidumu.

GIMP kweli ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995. Bado ipo. Mwaka 1997 Dave Coffin alianza kuandika dcraw, programu ndogo ya kusoma faili ghafi za kamera za aina mbalimbali, na kazi yake imekuwa msingi wa programu nyingine nyingi, zikiwemo za kibiashara. Mwandishi wa programu huria akichoka, msimbo unabaki mahali ambapo mwingine anaweza kuuchukua na kuuendeleza.

Dhana: Ukihama kutoka programu ya kulipia, kazi yako yote ya zamani inapotea.

Hapa pana ukweli nusu, na ndio unaowatia watu hofu zaidi, kwa hiyo nitausema wazi. Nyota ulizozipa picha na maneno uliyoziwekea huhama vizuri zikiwa zimeandikwa katika faili za XMP, yaani faili ndogo za maelezo zinazoandamana na picha. Marekebisho yenyewe ya rangi na mwanga hayahami kikamilifu, kwa kuwa kila programu ina hesabu zake. Ni busara kutoa picha zako muhimu katika TIFF ya biti 16, aina ya faili inayosomwa na programu nyingi, kabla ya kusitisha malipo ya programu ya zamani.

Baada ya hapo utunzaji ni wako. Kwa kila picha unayoihariri, darktable huandika faili ndogo ya XMP kando yake, na faili ghafi haiguswi. Faili hiyo unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya maandishi: utaona majina ya zana ulizotumia na mfuatano wake, ingawa vipimo vyenyewe vimeandikwa kwa herufi na tarakimu zisizosomeka kwa macho. Nakili folda nzima kwenye diski ya akiba, na historia ya uhariri wako imenakiliwa pamoja nayo.

Dhana: Programu hizi zinaweza kila kitu, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa.

Wapenzi wa programu huria nao wana dhana yao potofu. GIMP hufungua faili za PSD, yaani za Photoshop, lakini si kila tabaka la marekebisho hubaki kama lilivyokuwa, jambo linalomtatiza anayebadilishana faili na wabunifu wengine kila siku. Uhariri wa moja kwa moja katika rangi nne za matbaa nao haujakamilika. Na kamera mpya huweza kukaa miezi kadhaa kabla faili zake hazijasomeka ipasavyo, kwa hiyo angalia orodha ya kamera zinazotambuliwa kabla ya kununua; kama yako bado haimo, kuzigeuza faili zake kuwa DNG, muundo wa pamoja wa faili ghafi, mara nyingi hutosha kwa kipindi cha kusubiri.