Gunia la mahindi si nafuu kila mara

Kaya nyingi za Dodoma mjini huamini kwamba kununua mahindi kwa gunia katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, ni nafuu kila mara kuliko kupima kilo dukani. Dhana hiyo hutazama bei peke yake. Tuseme kilo ni shilingi 850 sokoni na 1,000 dukani: gunia la kilo 100 linaokoa shilingi 15,000, lakini nauli ya mzigo na ujira wa wapakiaji vikichukua 8,000, zinabaki 7,000, yaani thamani ya kilo 7 tu kwa bei ya dukani. Familia inayokula kilo moja kwa siku hukaa na gunia hilo zaidi ya miezi mitatu, muda unaomtosha dumuzi, mdudu anayetoboa punje za mahindi, kuzaliana; niliwahi kuinua gunia la namna hiyo nikakuta vumbi la unga limetuama chini na punje zimejaa matundu, na kwa kweli iliniuma. Kwa maoni yangu, afadhali kununua debe moja moja, isipokuwa kwa mwenye mahindi yaliyokauka vizuri na mfuko usiopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, kwa kuwa uzito wake haujulikani, ipimwe kwanza kwenye mizani ndipo hesabu hii ifanyike.