Kutoka Ngomeni hadi Ukingoni mwa Shimo Jeusi

Wavuvi wa Ngomeni wanayajua vizuri majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini, kaskazini mwa Malindi. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala. Habari hii inastahili kufundishwa katika kila shule ya pwani.

Uhuru iligundua kwamba eksirei za Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, hupanda na kushuka kwa muda usiofika hata sekunde moja. Nuru yenyewe huhitaji muda kukivuka kitu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo chanzo chake lazima kiwe kidogo mno. Leo kinahesabiwa kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki ndani yake, lenye uzito wa takriban mara 21 ya Jua, linalovuta gesi ya nyota jirani.

Lakini kwa nini gesi hiyo isizunguke tu milele, kama sayari? Hakuna maabara ya kulijaribu jambo hilo, ndiyo maana tunahitaji kompyuta kubwa. Nafasi inayolizunguka shimo hugawanywa katika mamilioni ya vyumba vidogo, kila kimoja na tarakimu zake za joto, msongamano, mwendo na nguvu ya sumaku. Kwa kanuni za fizikia, zikiwemo za Einstein, maelfu ya prosesa hukokotoa pamoja kila chumba kitabadilikaje punde ijayo. Kisha hesabu huanza tena, na tena.

Mwaka 1991 wanafizikia wa anga Steven Balbus na John Hawley walionyesha kwamba hata sumaku dhaifu huivuruga gesi, ikaipunguzia mzunguko, nayo ikaanguka ndani. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa majibu mazuri kabisa ya fani hii.

Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 ilipotolewa Aprili 2019, ililinganishwa na picha zaidi ya 60,000 zilizokokotolewa namna hiyo. Mifano ya shimo lisilozunguka ilikataliwa: haikuweza kurusha mkondo wa gesi wenye nguvu kama ule unaoonekana ukitoka M87. Joto la elektroni bado hukadiriwa tu, kwa hiyo kila hesabu hutolewa picha kadhaa kwa makadirio tofauti, kisha darubini ndizo huamua ipi ibaki.