Je, wajua gari linautambuaje ufunguo wake?

Katika maegesho yenye magari mia tatu, mtu mmoja anabonyeza rimoti, taa za gari moja zinawaka na kuzimika, na mengine yote yanabaki kimya. Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza limewezekanaje, ilhali rimoti nyingi za magari hutumia masafa yaleyale ya redio: takriban megahezi 433.92 katika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, na megahezi 315 katika Amerika Kaskazini na Japani. Kila rimoti inapobonyezwa, ujumbe wake huyafikia magari mengi yaliyo karibu, na mengi kati ya hayo huupokea, kisha huupuuza baada ya kugundua kwamba hayakuitwa yenyewe.

Rimoti za mwanzo hazikutumia redio. Renault Fuego ya mwaka 1982, iliyokuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa na rimoti ya milango, ilitegemea miale ya infraredi kama ile ya rimoti ya televisheni, hivyo dereva alipaswa kukilenga kipokezi kwa uangalifu. Aliyeibuni alikuwa Paul Lipschutz, na Wafaransa hadi leo huiita rimoti ya gari "plip", jina lililotokana na herufi za mwanzo za jina lake. Redio iliondoa usumbufu wa kulenga, kwa kuwa mawimbi yake husambaa pande zote na hupita hata kwenye nguo na kioo, lakini ilileta tatizo jipya: linalosambaa pande zote laweza kusikika na yeyote. Rimoti iliyotuma namba ileile kila siku ilikuwa rahisi kughushi, kwani mwizi alihitaji tu kuirekodi namba hiyo mara moja na kuirudisha hewani baada ya mwenye gari kuondoka.

Jibu la tatizo hilo ni msimbo unaobadilika. Rimoti na kompyuta ya gari huwekewa kiwandani siri moja ya kufichia ujumbe, na kila upande hutunza hesabu yake. Kila mara kitufe kinapobonyezwa, rimoti huongeza moja kwenye hesabu, huificha hesabu hiyo kwa kutumia siri, kisha huituma pamoja na namba yake ya utambulisho. Gari hutazama kwanza kama namba hiyo ni ya rimoti linayoijua, halafu huufichua ujumbe na kuuliza swali moja: je, hesabu hii imeipita ile ya mwisho niliyoikubali? Ujumbe uliorekodiwa jana hauwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu hesabu yake imekwisha kupitwa.

Msomaji makini ataona mara moja udhaifu wa mpango huu. Mtoto akiichezea rimoti sebuleni na kubonyeza mara kumi, hesabu ya rimoti itakwenda mbele bila gari kujua. Wahandisi walilitarajia hilo, wakaliruhusu gari kukubali hesabu iliyotangulia kidogo. Katika mfumo uitwao KeeLoq, kwa kawaida gari hukubali papo hapo hesabu iliyotangulia kwa hatua zisizozidi 16, na tofauti ikiwa kubwa zaidi husubiri ujumbe wa pili unaofuatana na wa kwanza kabla ya kujirekebisha. Hii ni sababu mojawapo ya rimoti iliyokaa muda mrefu mifukoni mwa watu kuhitaji kubonyezwa mara mbili. KeeLoq yenyewe ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, ikanunuliwa na kampuni ya Microchip Technology ya Marekani mwaka 1995, na ikaingia katika magari ya watengenezaji wengi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa Israeli, Ubelgiji na Ujerumani walionyesha njia za kuivunja, na mifumo iliyofuata ikahamia kwenye ufichaji ulio imara zaidi.

Lipo jambo moja linalochekesha lakini ni la kweli: anayeigusisha rimoti kidevuni mwake anapobonyeza huweza kulifikia gari lililo mbali zaidi. Kichwa cha binadamu kimejaa maji, na katika masafa haya kinaweza kuisaidia antena ndogo ya rimoti kusambaza mawimbi yake vizuri zaidi.

Kufungua mlango, hata hivyo, si kuwasha injini. Kazi hiyo hulindwa na kifaa kingine, imobilaiza, ambacho kimekuwa cha lazima kwa magari mapya katika Umoja wa Ulaya tangu 1998. Ndani ya ufunguo hukaa chipu ndogo isiyotegemea betri: koili iliyo karibu na swichi ya kuwashia hutoa uga wa sumaku, uga huo huzalisha umeme kidogo ndani ya chipu, na chipu huamka na kujitambulisha. Isipojibu sawasawa, kompyuta huinyima injini mafuta au cheche. Ndiyo maana katika magari mengi yanayowashwa kwa kitufe, betri ya rimoti ikiisha kabisa, dereva anaweza kuutoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, akafungua mlango kwa mkono, kisha akaigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia na gari likawaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mercedes-Benz ilileta mfumo ambao haukuhitaji hata kubonyeza. Dereva anaposhika kitasa, gari hutuma wimbi la masafa ya chini, kwa kawaida kilohezi 125, ambalo hufifia haraka na halivuki mita moja au mbili. Ufunguo ulio mfukoni hulisikia, huamka na kujibu kwa redio. Kwa kuwa gari huwa na antena kadhaa, huweza pia kukadiria kama ufunguo uko ndani au nje, na kwa hiyo hukataa kujifunga ukiwa umesahauliwa kitini.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo starehe ilipogharimu zaidi ya ilivyodhaniwa. Kubonyeza kulikuwa ushahidi kwamba mwenye ufunguo ametaka mlango ufunguke. Mfumo mpya uliondoa ushahidi huo na kuweka dhana kwamba ufunguo unaosikika lazima uwe karibu. Wezi wawili wanaweza kuibatilisha dhana hiyo kwa kupokezana mawimbi kama wanariadha wanavyopokezana kijiti: mmoja husimama kwenye gari na kifaa kinachonasa wimbi lake, mwenzake husogea karibu na ukuta wa nyumba na kulirusha upya hadi kwenye ufunguo uliolala mezani. Ufunguo hujibu kwa uaminifu wote, na gari hufunguka. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zürich nchini Uswisi waliyajaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, na yote yalidanganyika. Siri ya ufichaji haikuguswa hata kidogo.

Tiba rahisi ni kuufunika ufunguo kwa chuma pande zote, au kutumia ufunguo wenye kihisi kinachouzima unapokaa bila kutikisika. Tiba ya msingi zaidi imo katika mfumo wa redio ya masafa mapana sana, ambao hupima muda badala ya nguvu ya wimbi. Wimbi la redio husafiri sentimita 30 hivi kwa kila nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ufunguo ulio umbali wa mita moja huongeza takriban nanosekunde 7 kwa safari ya kwenda na kurudi, na ulio mita 20 huongeza zaidi ya 130. Mwizi anaweza kulikuza wimbi apendavyo, ila hana namna ya kulifanya lifike mapema. Kwa magari yasiyo na kipimo hicho, baadhi ya watengenezaji wameweka katika mipangilio nafasi ya kuuzima mfumo wa kujifungua wenyewe, na dereva anayeichagua hurudi kubonyeza kitufe kama zamani.