Jua halikaushi kansa

Wiki hii nimeisikia tena ile imani kwamba jua hukausha kansa ya ngozi. Kijana mwenye ualbino, mkulima wa mahindi, amekuja kliniki na kidonda nyuma ya sikio: kingo zimenyanyuka na kuwa ngumu, katikati pamefunga gaga. Ana miezi mitano nacho. Kila asubuhi alikuwa anavua kofia na kukigeuzia jua. "Kikauke, daktari." Mama yake akaongeza, "Si hata hospitali wanachoma kansa kwa mionzi?"

Mama, mionzi ile ni mingine. Inapenya hadi ndani, inapimwa dozi na kulengwa kwenye uvimbe. Urujuanimno wa jua, ile miale isiyoonekana kwa macho, huishia kwenye ngozi.

UVB, aina mojawapo ya urujuanimno huo, ikiipiga DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, hugandisha pamoja herufi mbili zilizo jirani, mara nyingi thaimini na thaimini. Seli yenye afya hukata kipande hicho na kujaza kipya. Kwa mwenye melanini ya kutosha, ile rangi ya ngozi ambayo mwenye ualbino ana kidogo au hana, chembe zake hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli, hivyo madhara hupungua. Yakizidi uwezo wa kurekebisha, protini ya p53 huiamuru seli ijiue. Ngozi inayobambuka baada ya kuungua na jua imejaa seli zilizokufa namna hiyo.

Hapa ndipo ninapochoka kubishana. Watu wanasema jua linaua seli mbaya. Linaua zilizo nzima! Seli ambayo jeni yake inayotengeneza p53 iliharibiwa na jua la miaka ya nyuma haisikii tena ile amri. Jua likiwaka, majirani zake wazima wanajiua, yenyewe inabaki, inapata nafasi na kuzaana. Kundi la mtafiti Douglas Brash wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lilieleza hivyo mwaka 1994. Nilimwambia yule kijana: ni kama kupalilia kwa kung'oa mahindi na kuacha magugu. Akanyamaza, akagusa sikio. Tena jua hilohilo hupunguza seli za Langerhans, walinzi wa kinga ndani ya ngozi.

Nikiri jambo moja. Sisi wenyewe tunatumia UVB ya nanomita 311 kutibu soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, na hata mycosis fungoides ikiwa bado changa, nayo ni kansa. Lakini kansa hiyo ni ya limfosaiti, seli nyeupe za damu, zilizohamia kwenye ngozi, na hizo hufa kwa UVB kirahisi. Ya kijana huyu inatokana na seli za ngozi yenyewe.

Na yale magamba makavu kwenye paji lake la uso? Nimehesabu tisa. Mengine yataondoka yenyewe akijifunika, lingine laweza kugeuka kansa, na kwa macho siwezi kukuambia ni lipi. Ndiyo maana nimeyagandisha yote kwa naitrojeni ya majimaji yenye baridi kali, akivumilia maumivu ambayo huenda mengine hayakuwa ya lazima.

Kipande cha kidonda kimekwenda maabara. Mama ndiye aliyemvisha kofia kabla hawajatoka, akaishusha hadi ikafunika masikio.