Kina kilichoandikwa kwenye ramani ya kielektroniki si cha sasa hivi
Wengi hudhani ramani ya kielektroniki ya bandari, kwa kuwa meli huonekana zikisogea kwenye skrini, huonyesha pia kina cha maji cha wakati huohuo. Sivyo. Namba ile ilipatikana siku wapimaji walipopita, pengine miaka mingi nyuma, nayo huhesabiwa kuanzia usawa wa maji yanapokupwa sana. Ramani ikisema mita 9, na kifaa cha kupimia maji gatini kikituma kwa intaneti kwamba maji yamepanda mita 2 juu ya usawa huo, kina ni mita 11, ikiwa mchanga haujajaa tangu siku ya upimaji. Na mashua nyingi ndogo hazimo kabisa kwenye skrini, maana hazibebi kifaa cha kutangaza zilipo; hilo hunitia hofu zaidi.